Kuzima jeni

Waandishi wetu wa sayansi husema "kuzima jeni" kwa kila jaribio, nami naona neno limezidiwa mzigo. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello waliwadunga minyoo wadogo RNA ya nyuzi mbili inayolingana na jeni ya misuli. Watoto wa minyoo hao wakatetemeka: protini ilipungua mno, lakini jeni yenyewe haikuguswa. Huko ni kuzima, au tuseme kufifisha, kama utambi wa chemli. Panya wa wanasayansi Capecchi, Evans na Smithies, waliopata Nobel mwaka 2007, ni habari nyingine. Jeni ya panya hao imeharibiwa kwenye DNA, na vizazi huirithi hivyo hivyo. Hapo, wahariri, andikeni "kuharibu jeni".