Mwaka Unaokogwa: Nairuzi, Kusi na Neno Kiangazi

Mwezi wa Julai, huku Milepa, watu wanasema ni kiangazi, na wanasema kweli. Mvua zilikatika tangu mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, mpunga wa Bonde la Ziwa Rukwa umekwisha kuvunwa, na anga ni nyeupe kutoka Lyamba lya Mfipa hadi ziwani. Mwezi huohuo, Makunduchi, kusini mwa Unguja, mzee akikusikia unasema kiangazi atakutazama mara mbili. Kwao kiangazi ni Desemba hadi Februari, jua kali la musimu wa kaskazi. Julai kwao ni kipupwe. Na anayepanda kutoka Milepa kwenda Sumbawanga usiku wa Julai anajua kwamba kiangazi chetu sisi wa Rukwa kinaweza kukutetemesha meno.

Nimeanza na neno hili kwa sababu ndilo linalotumiwa kila inapoandikwa habari ya safari za pwani za kati ya mwaka. Wazungu wana majira yao ya joto, Juni hadi Agosti. Wakija Unguja wakati huo, wenyeji wao huwatafsiria wakaandika «likizo ya kiangazi». Mgeni anashuka uwanja wa ndege, anakuta upepo wa kusi umeshika kasi na hali ya hewa ni ya ubaridi mzuri, na karatasi mkononi inamwambia yuko kiangazini. Kwa haki ya neno lenyewe, asili yake ni anga na kuangaza. Linataja uwazi wa mbingu, joto halimo. Kwa kipimo hicho Milepa tuna hoja kuliko Unguja, lakini sitaki kuanzisha ugomvi wa bara na visiwa. Ninalotaka ni kulifuata lile jambo ambalo wageni hao wanaliendea, yaani bahari asubuhi na sanaa jioni, nione lina umri gani.

Kwanza bahari. Pwani ya mashariki ya Unguja, kutoka Paje kupita Jambiani hadi Makunduchi, ina mwamba mrefu ulio mbali na ufuko. Mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi yanavunjikia huko nje, na ndani yake maji yanabaki mapana na haba, yakijaa na kupwa. Yakipwa sana wakati wa bamvua, mtu anaweza kutembea mwendo mrefu kwa miguu, na ndipo utawaona kina mama kwenye mashamba ya mwani, zao lililoanza kulimwa hapo mwishoni mwa miaka ya 1980. Yakijaa, wanaingia vijana wa tiara: kila mmoja amesimama juu ya ubao, ameshika kamba za tiara kubwa ya kitambaa, upepo unamvuta, naye anateleza juu ya mawimbi. Wana majira mawili tu ya maana katika mwaka: kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Kati ya hapo tiara hulala. Kwa hiyo mchezo huu unaoonekana kuwa wa juzi unafuata kalenda ileile iliyoendesha majahazi karne na karne. Mchezaji anayetoka Ulaya hajui kwamba ratiba yake iliandikwa na manahodha.

Sasa jioni. Mjini Unguja, ndani ya Ngome Kongwe, ile iliyojengwa na Waomani baada ya Mreno kutolewa mwishoni mwa karne ya 17, kumekuwa na tamasha la filamu na sanaa tangu mwaka 1998, na desturi yake imekuwa kufanyika katikati ya mwaka, hasa Julai. Jina lake la Kiswahili ni Tamasha la Nchi za Jahazi. Mwaka 2004 likaja tamasha la muziki, Sauti za Busara, nalo likakaa Februari. Tazama namna yalivyokaa: moja limeketi ndani ya kusi, jingine ndani ya kaskazi. Sidhani kama kuna aliyekaa mezani akapanga hivyo kwa kufikiria pepo. Watalii huja kwa mafungu mawili, na mafungu hayo yameangukia palepale penye pepo mbili.

Lakini kuna mkusanyiko wa tatu, ulio mkubwa kwa umri kuliko yote, nao una vyote viwili, maji na ngoma, bila kualikwa na mtu. Huo ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi.

Wasomaji wa lugha watalipenda jina. Kitenzi ni koga, ambacho wengi wetu leo tunakitamka oga, nacho kimewekwa katika kauli ya kutendwa. Maana yake ni kwamba mwaka wenyewe ndio unaokogwa. Watu huingia baharini na kujisafisha, lakini sarufi ya wenyeji inasema kinachooshwa ni ule mwaka uliopita pamoja na nongwa zake. Nimekuwa nikilitafuta jina jingine la sikukuu katika Kiswahili lenye kauli ya kutendwa namna hii, sijalipata. Lahaja ya Makunduchi, Kikae, ilikusanyiwa msamiati wake na mwenyeji wake Haji Chum, na BAKIZA wakaitolea kamusi. Kwa hiyo anayetaka kulichimba zaidi ana pa kuanzia.

Shughuli yenyewe huchukua siku kadhaa. Wanaume wa pande mbili za mji hukutana uwanjani wakapigana kwa migomba, mapambano ya kumaliza chuki za mwaka, kisha chuki isivuke kwenda mwaka mpya. Hujengwa kibanda cha makuti, kikachomwa moto, na moshi ukaangaliwa unaelekea wapi. Wanawake hupita wamevaa vizuri wakiimba, na nyimbo zao hazina haya: zinachokoza, zinasema ya ndani, zinajibizana. Nyumba isiyo na mgeni siku hiyo inahesabiwa ina kasoro, kwa hiyo mpita njia analishwa apende asipende. Usiku ni ngoma, na siku hizi na muziki wa spika ufukweni, jambo ambalo baadhi ya wazee hulinung'unikia. Manung'uniko yao yana msingi, ingawa ufuko wenye vijana usiku wa mwaka mpya si kitu kipya hata kidogo.

Ushahidi wa ukale upo. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, mwaka 1870 alichapisha kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja. Ndani yake alieleza siku ya mwaka: watu kukoga baharini usiku au alfajiri, kisha kupika chakula kikubwa cha nafaka na kunde ambacho kila apendaye huja kula, mioto yote kuzimwa na kuwashwa upya kwa kupekecha vijiti. Akaongeza kwamba zamani ugomvi wa siku hiyo haukuulizwa, na visasi vya kale vilikuwa vikingojewa vilipwe siku hiyo. Migomba ya Makunduchi inasomeka vizuri zaidi ukijua hilo. Ugomvi wenye damu ulilainishwa ukawa mchezo, na mchezo umeishi kuliko damu. Siku hiyo haikuwa ya Makunduchi peke yake: iliadhimishwa Pemba na miji mingine ya mwambao, na Mombasa ng'ombe alizungushwa mji kabla ya kuchinjwa. Kwingi imefifia. Makunduchi imebaki.

Lakini Steere aliandika jambo jingine ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika siku zake, siku ya mwaka iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo inaangukia Julai. Nani ameisogeza?

Hakuna aliyeisogeza. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, bila ile siku moja inayoongezwa Februari kila mwaka wa nne. Kwa hiyo kila baada ya miaka minne hivi unarudi nyuma siku moja ukiupima kwa kalenda ya kizungu. Tangu Steere hadi leo zimepita siku thelathini na kitu. Agosti imekuwa Julai kwa hesabu tupu.

Waajemi, wenye asili ya jina hilo, Nauruzi kwao ikimaanisha siku mpya, waliacha kuhesabu hivyo zamani. Mwaka 1079 Sultani Malik Shah aliwaagiza wanajimu wairekebishe kalenda, na mmoja wao alikuwa Omar Khayyam, ambaye ulimwengu unamkumbuka kwa rubai zake kuliko kwa hesabu zake. Tangu hapo Nauruzi ya Uajemi imetulia Machi, usiku na mchana vinapolingana. Mabaharia wa Bahari ya Hindi hawakumfuata mshairi huyo. Walishika mwaka wa zamani wa siku 365, kwa sababu chombo hakihitaji siku ya kabisa; kinahitaji hesabu nyepesi inayokaa kichwani.

Naye mshairi mwingine ndiye anayetupa kipimo. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar katika Ghuba, aliyeandika katika karne ya 15, alitaja tarehe za kung'oa nanga kwa idadi ya siku tangu Nairuzi: siku ya ngapi utoke bandari gani uelekee wapi. Sehemu kubwa ya elimu yake aliitunga kwa mashairi ya bahari ya rajaz, ili mabaharia waihifadhi kwa moyo, na mojawapo ya tungo hizo ni ya njia ya Sofala, yaani mwambao wetu huu hadi kusini. Katika miaka yake, mnamo 1490, Nairuzi iliangukia katikati ya Novemba. Sasa chukua tarehe hiyo, uirudishe nyuma siku moja kwa kila miaka minne, ukisahihisha tofauti ya kalenda ya Juliasi na hii tuliyo nayo. Utafika mwishoni mwa Agosti ya Steere. Endelea, utafika Julai ya leo. Hakuna siku iliyodondoka njiani. Miji iliangushwa, Mreno akaja akaenda, masultani wakahama na makao yao, na katika muda huo wote kulikuwa na mtu mwambaoni aliyekuwa akihesabu siku bila kuruka.

Alihesabuje? Kwa miongo. Mwaka uligawanywa makumi thelathini na sita ya siku, kila kumi likiitwa mwongo, na siku tano zikabaki pembeni. Mkulima alijua apande katika mwongo wa ngapi, nahodha alijua mwongo gani bahari inafungwa na mwongo gani inafunguka. Sisi leo tunasema muongo tukiwa na maana ya miaka kumi. Neno lilikuwa la siku, tukalinyosha likawa la miaka. Si kosa, lugha ina ruhusa hiyo. Ila kila ninapomsikia msomi akisema «muongo mmoja uliopita», namwona baharia akishangaa kwa nini mtu huyu anahangaikia wiki iliyopita.

Hapo ndipo hasara ilipo, kwa maoni yangu. Katika siku za Ibn Majid, Nairuzi ilikuja pamoja na kuanza kwa kaskazi. Mwaka mpya ulikuwa mlango wa vyombo kutoka Arabuni. Katika siku za Steere ilikuja wakati wa demani, kusi ikilegea na bahari ikifunguka. Sasa imeingia katikati ya kusi. Kwa bahati ya hesabu imekutana na likizo za Ulaya, na tiara za Paje, na tamasha la Ngome Kongwe, hata mtu anaweza kuteleza juu ya maji asubuhi, akala wali wa siku ya mwaka mchana, akafika mjini jioni kutazama filamu. Ingekuwa mwaka 1870, angekuwa amekwisha kurudi kwao. Kishawishi cha kuifunga tarehe hapo ilipo ni kikubwa: mgeni hukata tiketi mapema, na mwenye hoteli anataka tarehe isiyohama. Ikifungwa, ngoma zitabaki, migomba itabaki, hata kibanda kitawaka. Itakayokatika ni hesabu, nayo ndiyo kitu pekee katika sherehe ile ambacho tunaweza kukifuata mkono kwa mkono hadi kwa nahodha aliyetunga mashairi. Waparsi wa Bombay wanaoshika hesabu yao ya kale ya Kadimi wanaadhimisha mwaka mpya wao katikati ya Julai hadi leo, na hawajaipeleka Machi kwa urahisi wa mtu yeyote.

Mtu ataniuliza inamhusu nini mkazi wa Milepa. Ziwa letu halina kusi wala jahazi, lina mamba na viboko, na hakuna mzazi hapa anayemruhusu mwanawe kucheza na mawimbi yake. Lakini sisi nasi tunaishi kwa maneno ya majira tuliyoyapokea kutoka mwambaoni, masika na kiangazi, tukayavisha mvua zetu wenyewe: masika yetu ni ya Novemba hadi Aprili, yao ni ya Machi hadi Mei. Ukimwandikia mtu wa Unguja shairi lenye neno masika, hamtaona mvua moja. Kamusi zetu zingeweza kusema hivyo waziwazi, ziandike penye kiangazi kwamba ni cha wapi, na penye muongo kwamba kabla ya miaka ulikuwa wa siku.

Mtoto aliyezaliwa Makunduchi mwaka huu, akijaliwa miaka themanini na hesabu ikiachwa iende, ataikoga siku ya mwaka yake ya mwisho mwishoni mwa Juni, kusi ikiwa kali, maji ya nje ya mwamba yakichafuka, na huku Milepa mpunga ukiwa bado juani kwenye maturubai.