Mkanda Bila Nanga ni Pambo: Unapofanya Kazi Juu ya Paa

Jumamosi moja nilipita kando ya mjengo wa ghorofa 3 huku Kisauni. Juu kabisa kulikuwa na vijana wawili wakipigilia mabati. Wote wawili walikuwa wamevaa hanesi, ile mikanda inayozunguka mabega, kifua na mapaja. Nikafurahi, maana si jambo la kuonekana kila siku. Nilipokaribia nikaona kamba zao zinaning'inia nyuma kama mikia, kulabu haikushika kitu. Mmoja aliposhuka kunywa maji nikamuuliza. Akacheka. "Ami, hizi tumepewa tuvae. Pa kuzifunga hatukuonyeshwa."

Jibu lile lilinirudisha nyuma miaka mingi, kwa mtoto wa ami yangu. Yeye hakuanguka kutoka ghorofani. Alianguka kutoka nyumba ya chini, ya Kiswahili, akibadilisha mabati mawili yaliyokuwa yanavuja. Kutoka ukingo wa paa hadi ardhini hapakuzidi mita 3. Alikuwa na miaka 31. Tangu siku ile anatumia kiti cha magurudumu, na ngazi yake iliuzwa kulipia dawa.

Siku ile kila aliyekuja kumtazama alisema neno moja: ajali haina kinga. Nami nilisema. Leo silisemi tena. Ajali ya kuanguka ina kinga, na kinga yake inajulikana. Sisi Waislamu tumefundishwa toka chuoni kuwa Mtume (s.a.w.) alimtaka mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Fundi aliye juu ya paa bila kujifunga hajatawakali. Amemwacha ngamia wazi.

Makala haya ni ya fundi, ya mwenye nyumba, na ya kila anayemwambia kijana "panda mara moja tu uangalie tangi".

Mambo matatu yanayokwenda pamoja

Kinga ya kuanguka ni vitu vitatu, na kimoja kikikosekana viwili vilivyobaki havina kazi.

Cha kwanza ni hanesi ya mwili mzima. Si mkanda wa kiuno. Mkanda wa kiuno ukikusimamisha ghafla, nguvu yote huingia tumboni na kwenye uti wa mgongo, au unachomoka ukaendelea na safari yako. Marekani ilikataza mkanda wa aina hiyo kutumika kuzuia anguko la wafanyakazi tangu tarehe 1 Januari 1998. Hanesi hugawa nguvu hiyo mapajani, kifuani na mabegani. Pete yake ya chuma inayoshika kamba hukaa mgongoni, baina ya mabega. Ukiivaa, mikanda ya mapajani iwe imekaza kiasi cha kiganja kupita na ngumi kutopita.

Cha pili ni kamba ya kukuunganisha, pamoja na kulabu zinazojifunga zenyewe na kipunguza mshtuko. Hicho kipunguza mshtuko ni kifurushi kidogo cha mkanda ulioshonwa, ambacho mishono yake hufumuka pole pole mtu anapoanguka. Umuhimu wake uko kwenye hesabu. Mtu wa kilo 80 akianguka mita 2, kisha kamba isiyovutika ikamsimamisha ndani ya sentimita 10, nguvu inayomkamata ni zaidi ya mara 20 ya uzito wake. Hiyo ni zaidi ya tani moja na nusu. Viwango vya Ulaya vinataka kipunguza mshtuko kishushe nguvu hiyo isizidi takriban kilo 600.

Kwa hivyo kamba ya katani ya kutekea maji, au ile ya plastiki ya kufungia mashua, haifai. Katani huoza ndani ukiiona nzima nje, na plastiki huliwa na jua.

Cha tatu, na ndicho kinachosahauliwa, ni nanga: mahali pa kufungia. Nahodha yeyote anajua kwamba minyororo iliyolala sitahani haishiki chombo. Chombo hushikwa na kile kilichouma chini. Juu ya paa ni vivyo hivyo.

Nanga ni ipi, na ipi si nanga

Kanuni za Marekani zinataka nanga ya mtu mmoja iweze kubeba takriban tani 2 na robo, kama haikupimwa na mtaalamu. Huo ni uzito unaokaribia wa matatu ya abiria 14. Ukitaka kufunga kamba yako mahali, jiulize: je, pangeweza kuning'inizwa matatu hapa? Kama jibu ni hapana, tafuta pengine.

Tanki la maji si nanga. Fremu ya paneli za sola si nanga, wala mlingoti wa antena, gata, bomba la maji, fito, au ukuta mfupi wa matofali ulioko ukingoni mwa slabu. Nondo iliyochomoza juu ya nguzo pia si nanga, kwa sababu kamba huchomoka kwa juu. Gari lililoegeshwa chini nalo lisitumike: atakuja mtu asiyejua habari alitie moto na kuondoka.

Kwenye slabu ya zege, nanga nzuri ni nguzo au boriti ya zege iliyokamilika, ukiizungushia mkanda maalum wa kufungia. Kwenye paa la mabati, nanga huwa ni bamba la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye kenchi yenyewe. Usilifunge kwenye bati, wala kwenye ubao mwembamba unaoshika bati. Kama hakuna bamba, kamba ndefu ya kazi hiyo huweza kuvushwa juu ya kilele cha paa na kufungwa upande wa pili, kwenye nguzo ya zege au shina la mti mzima wenye afya. Kamba hiyo huenda na kifaa cha kuishika kinachosogea nawe na kubana ukiteleza. Inapopita kwenye ukingo wa bati, weka gunia lililokunjwa au kipande cha tairi, maana ukingo wa bati ni kisu.

Mapaa ya makuti yana hila yake. Boriti inaweza kuonekana imara na ndani imeshaliwa na mchwa au dumuzi. Igonge, ichome kwa msumari, usikilize. Ukifunga, funga kwenye nguzo kuu inayofika ardhini, si kwenye kombamoyo.

Nanga iwe juu yako au nyuma yako, karibu na pale unapofanyia kazi. Ikiwa mbali upande mmoja, ukianguka utabembea na kugonga ukuta.

Kamba ndefu ni kaburi

Hapa ndipo penye somo la mtoto wa ami yangu, na wengi hawalijui. Tuseme umefunga kamba ya mita 2 kwenye nanga iliyo usawa wa miguu yako. Ukianguka, kamba itakunjuka mita 2. Kipunguza mshtuko kinaweza kurefuka hadi mita 1.75. Mwili wako kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo ni kama mita 1.5. Ongeza mita 1 ya usalama. Jumla ni mita 6.25. Nyumba yenye ukingo wa mita 3 haina nafasi hiyo. Utafika chini kabla kamba haijamaliza kazi yake, na hanesi yako mpya mwilini.

Dawa yake si kuacha hanesi. Ni kufupisha kamba. Pima kutoka kwenye nanga hadi ukingo wa paa, kisha funga kamba iwe fupi kiasi kwamba huwezi kuufikia ukingo hata ukitaka. Hapo hutaanguka kabisa, na hilo ni bora kuliko kuanguka ukakamatwa. Kwa nyumba zetu nyingi za chini, hii ndiyo njia inayofaa.

Lakini kumbuka kuwa kamba hiyo inakukinga na ukingo tu. Haikukingi na kutumbukia. Mabati yetu ya Pwani huliwa na chumvi ya bahari, na karatasi za plastiki za kupitisha mwanga hukauka kwa jua zikavunjika kama kaki. Asbesto za nyumba za zamani nazo hupasuka ghafla. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, ambako chini pana ubao, au tandika mbao pana za kutembelea.

Kabla ya kupanda

Uliza kwanza kama kazi inaweza kufanyiwa chini. Bati linaweza kupimwa, kukatwa na kutobolewa ardhini.

Kagua hanesi na kamba kwa mkono na kwa jicho: mishono, mikato, rangi iliyopauka, kutu kwenye pete, kulabu isiyojifunga. Hanesi ambayo imeshamkamata mtu mara moja imemaliza kazi, itupwe. Ya mtumba usiyoijua historia yake usinunue. Baada ya kazi ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uianike kivulini.

Ngazi iegemee hivi: kwa kila mita 4 za urefu, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Kichwa chake kizidi ukingo wa paa kwa kama mita 1, na kifungwe. Vua champali, vaa viatu vyenye soli ya mpira inayoshika. Paa likiwa na umande au mvua, subiri. Upepo wa kusi ukishika, usibebe bati juu, kwani bati mkononi ni tanga.

Na usipande peke yako. Mtu aliyekamatwa na hanesi akaning'inia bila kutikisa miguu, damu hujikusanya miguuni, naye huweza kuzimia na hata kufa. Hapo muda ni wa dakika. Ngazi ya kumshushia iwe tayari, na aliye chini ajue la kufanya. Anayening'inia aendelee kusukuma miguu mpaka afikiwe.

Mtu akifika chini, msimbebe mkono na mguu mkamkunja ndani ya tuktuk. Mwacheni alale, kichwa na shingo zisigeuzwe, mpaka apatikane wa kumbeba kwenye ubao ulionyooka. Hospitali ya taifa ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, na safari hiyo sisi tuliifanya.

Haki ya fundi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake. Mfanyakazi akiona hatari kubwa na kuiripoti, sheria hairuhusu alazimishwe kurudi pale mpaka irekebishwe. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi. Fidia ya kifo ni mapato ya miezi 96. Dai lipelekwe ndani ya miezi 12.

Lakini sheria hiyo inamlinda aliyeajiriwa. Fundi anayejitegemea, aliyeitwa na mwenye nyumba kwa kazi ya siku moja, mara nyingi hana mwajiri wa kumdai. Kwake yeye, hanesi na nanga ndizo bima. Bei yake ni ya vibarua vya siku kadhaa.

Wenye nyumba, ninyi mnajenga kila siku. Mwambieni fundi aache bamba mbili tatu za kufungia kwenye kenchi au kulabu kwenye zege kabla ya kumaliza, za chuma kisichoshika kutu. Paa litahitaji kupandwa tena, kwa tangi, kwa sola, kwa kuvuja.

Na kabla ya kumshikia kijana ngazi, muulize swali moja, mbele ya bei na mbele ya saa: "Utajifunga wapi?" Kama hana jibu, siku hiyo paa livuje.