Dhahabu na Nuru Isiyoonekana

Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria, ni nchi ya dhahabu. Wadachi waliitambua huko mwaka wa 1898. Mgodi ukafanya kazi tangu miaka ya 1930 hata mwaka wa 1966, kisha ukafunguliwa upya mwaka wa 2000. Mchimbaji wa huko ajua kwamba uso wa ardhi si shahidi wa kutegemewa, kwani mali imo chini, na udongo umeifunika. Wanafalaki walichelewa kuijua kweli kama hiyo katika mambo ya mbingu.

Mwaka wa 1800, huko Uingereza, William Herschel aliigawanya nuru ya jua kwa kioo cha pembe tatu, akapima joto la kila rangi. Kipimajoto alichokiweka kando ya wekundu, mahali pasipoonekana nuru yo yote, kikapanda kuliko vyote. Hivyo ndivyo ilivyojulikana nuru ya infraredi.

Hata hivyo, galaksi ziliendelea kuhukumiwa kwa nuru ionekanayo. Mwaka wa 1926 Edwin Hubble wa Marekani alizipanga kwa maumbo yake: zenye umbo la yai, zenye mikono iliyojipinda, na zile zenye mhimili wa nyota katikati. Sahani za picha za siku zile zilipokea zaidi nuru ya buluu, nayo hutoka kwa nyota changa, kali, zisizodumu. Nyota kuukuu, ambazo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya uzito wa nyota zote, hung'aa zaidi kwa wekundu na infraredi. Tena vumbi la angani huizuia nuru ya buluu, ilhali infraredi ya mikromita 2 hivi hulipenya kwa wepesi. Basi waliozipanga galaksi waliitazama nguo, wakadhani wameuona mwili.

Mwaka wa 1991 David Block wa Afrika Kusini na Richard Wainscoat walichapisha picha za infraredi za galaksi iitwayo NGC 309. Katika nuru ya kawaida ilikuwa na mikono mingi. Katika infraredi ikaonekana ina mikono miwili na mhimili katikati. Galaksi ilikuwa ile ile, lakini fungu lake likawa jingine. Kwa kupima jinsi mng'ao huo unavyopungua kutoka kitovuni hata ukingoni, wanafalaki hukadiria uzito wa nyota na mpangilio wake.

Hapo ndipo dhahabu inapoingia. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina vioo 18 vinavyofanya kioo kimoja chenye upana wa mita 6.5. Vimepakwa dhahabu, kwa kuwa dhahabu huirudisha karibu infraredi yote. Iliyotumika ni gramu 48 na kidogo, uzito unaoenea katika kiganja cha mchimbaji.

Kwa zaidi ya karne moja dhahabu ya Geita imejulikana kwa jasho, kwa mizani na kwa bei. Tabia yake mbele ya nuru nayo ni sehemu ya elimu ya dhahabu. Shule iliyo jirani na mgodi isipoifundisha, mtoto wa mchimbaji atarithi shimo, na wengine watarithi mbingu.