Pemba na Bendera ya Mazrui

Sisi wa Kibokoni, Mombasa, tumekulia chini ya kuta za Ngome ya Yesu, na wageni hutuuliza habari za mizinga. Mimi huwaambia watazame baharini, upande wa Pemba.

Mombasa ilipotawaliwa na maliwali wa ukoo wa Mazrui, ililishwa na kisiwa cha Pemba. Liwali aliyekishika kisiwa kile ndiye aliyekuwa na chakula cha kuwapa askari wake mji ukizingirwa. Seyyid Said, mtawala wa Oman aliyeitaka Mombasa, alilijua hilo, kwa hiyo hakuikimbilia Ngome. Mombasa na Pate zilipoishambulia Lamu zikashindwa vitani Shela, watu wa Lamu walimwomba ulinzi, akapata pa kukanyaga. Baadaye akaitia mkononi Pate, kisha Pemba. Mazrui walijaribu kuirudisha, wasiweze.

Liwali Suleiman bin Ali alirithi mji wenye njaa mlangoni. Mwishoni mwa 1823 Mazrui walimwomba nahodha Mwingereza Vidal ulinzi wa Uingereza, akakataa. Mazrui hawakungoja: walishona bendera ya Kiingereza kwa mikono yao, wakaipandisha Ngomeni. Nahodha Owen, Mwingereza mwingine, alipotia nanga Februari 1824 na manowari yake Leven, merikebu za Oman zikiwa zimeuzingira mji, aliikuta inapepea. Wakaandikiana mkataba: Mazrui warudishiwe milki zao, uliwali ubaki kwao, ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu, biashara ya watumwa ikome. Naamini hayo mengine yote waliyakubali kwa ajili ya Pemba.

Pemba haikurudi. Luteni Reitz, aliyeachwa awe msimamizi, alikufa kwa homa Mei mwaka uleule. Port Reitz ya hapa Mombasa imepewa jina lake. Na London haikutaka kumuudhi Said, mshirika wao wa Ghuba, aliyekwisha kutia saini mkataba wao wa 1822 wa kubana biashara ya watumwa. Mwaka 1826 bendera ikashushwa.

Siwalaumu kwa bendera ile. Mwenye njaa na adui bandarini hana mengi ya kuchagua. Linaloniuma ni lililofuata. Kuanzia 1828 Said alikuja na merikebu zake mara kadhaa na mji ukamshinda, Muyaka bin Haji akiwatia watu moyo kwa mashairi. Lakini Liwali Salim bin Ahmed alipofariki 1835, ndugu waligombea uliwali, na baadhi ya wakuu wa Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu ya Waswahili wa Mombasa, wakaelewana na Said. Mwaka 1837 aliichukua Ngome. Wakuu wa Mazrui walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas. Wenzao wakakimbilia Gazi na Takaungu.