Riwaya ya Ujana na Riwaya ya Mahaba: Istilahi Mbili kwa Msomaji wa Kampemba

Msichana wa miaka 16 anayekaa Bongonga au Bel-Air, katika komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, husoma kwa Kifaransa darasani na huzungumza Kiswahili nyumbani na barabarani. Akipenda vitabu, simu yake humletea orodha za riwaya zitakazotoka msimu ujao, zikiwa zimepangwa kwa aina. Orodha ya Paris itamwambia hizi ni za "jeune adulte" na hizi ni za "romance". Orodha ya London au New York itamwambia "young adult". Akitaka kumweleza mdogo wake kwa Kiswahili ni vitabu gani anavyovingojea, hana jina moja lililokubaliwa. Atasema "vitabu vya vijana" au "vya mapendo", na mdogo wake atabaki akiuliza maana yake ni nini hasa. Makala hii inapendekeza majina mawili, riwaya ya ujana na riwaya ya mahaba, na kueleza kwa nini yanafaa kuliko mengine yanayotumika.

Tuanze na asili ya dhana yenyewe. Mwaka 1957, chama cha wakutubi wa Marekani kiliunda kitengo maalumu cha kuwahudumia wasomaji waliokwisha kutoka kwenye rafu ya watoto lakini hawajaingia kwenye ya watu wazima. Miaka kumi baadaye, mwaka 1967, ilitoka The Outsiders, riwaya ya S. E. Hinton, msichana wa Oklahoma aliyeanza kuiandika akiwa na miaka 15 na kuiona ikichapishwa akiwa na miaka 18. Mambo ya rika lake yalikuwa yakisimuliwa na mtu wa rika hilo hilo. Tangu hapo aina hii ya riwaya ilikuwa na mfano wa kuuelekezea kidole, na ikaendelea kupanuka hadi Twilight ya Stephenie Meyer (2005) na The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008), vitabu vilivyosomwa dunia nzima. Umri unaotajwa kwa kawaida ni miaka 12 hadi 18.

Kwa Kifaransa dhana hii ilipita njia nyingine, na njia hiyo inamhusu msomaji wa Kampemba kwa sababu vitabu vingi vinavyomfikia ni vya Kifaransa. Afungue riwaya ya vijana iliyochapishwa Ufaransa, atazame ukurasa wenye habari za mchapishaji: mara nyingi atakuta mstari unaotaja sheria ya tarehe 16 Julai 1949 kuhusu machapisho yanayokusudiwa vijana. Sheria hiyo ilitungwa kuwalinda wasomaji wadogo dhidi ya maandishi yanayohesabiwa kuwa na madhara. Kwa hiyo neno la Kifaransa linalotaja fasihi hii kwa ujumla, "jeunesse", limebeba ulinzi wa mtoto ndani yake, na "jeune adulte" ilikuja baadaye kuwatenga wale walio karibu na utu uzima.

Kwa Kiswahili tunayo majina kadhaa yanayogombea nafasi hii. La kwanza ni "fasihi ya watoto na vijana". Linafaa kama jina la uwanja mzima wa utafiti, lakini linamweka mtoto wa miaka 6 anayetazama picha pamoja na msichana wa miaka 17 anayesoma kuhusu kuachwa na mchumba. Muuza vitabu hawezi kupanga rafu kwa jina hilo.

La pili ni "riwaya ya vijana", na ndilo lililoenea zaidi. Tatizo lake ni upana wa neno kijana. Mkataba wa Afrika wa Vijana, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2006, unamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanza kumhesabu akitimiza 18 na kuishia kabla ya 35. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006, kwa upande wake, inamwita mtoto kila ambaye hajatimiza 18. Kwa hiyo msomaji wetu wa miaka 16 ni kijana mbele ya Umoja wa Afrika na ni mtoto mbele ya sheria za nchi yake, wakati mwanamume wa miaka 34 mwenye mke na watoto watatu angali kijana. Jina linalowakusanya wote hawa halimwelezi mnunuzi kitu.

Yapo maneno yenye mipaka myembamba zaidi. Balehe linataja mabadiliko ya mwili, nalo likiwekwa kwenye jalada litamfanya mzazi adhani ni kitabu cha afya. Barubaru ni zuri, lina ladha ya zamani, lakini humchora mvulana na kumwacha msichana nje, wakati wasomaji wengi wa vitabu hivi ni wasichana. Chipukizi tayari tumelitoa kwa waandishi wanaoanza. Tukisema "riwaya chipukizi" msikilizaji atafikiri ni kazi ya mwandishi mpya.

Ndiyo maana napendekeza riwaya ya ujana. Tofauti kati ya vijana na ujana ni ndogo kwa sauti lakini kubwa kwa maana. Vijana ni watu, na jina linalowataja watu linauliza nani aruhusiwe kukisoma kitabu. Ujana ni kipindi cha maisha, na jina linalokitaja kipindi linaeleza kitabu kinasimulia nini na kutoka wapi. Mambo yalivyo sokoni yanaunga mkono hoja hii: uchunguzi wa kampuni ya Bowker nchini Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vya aina hii walikuwa na umri wa miaka 18 na zaidi. Wasomaji wamevuka mpaka wa umri zamani. Kinachoviunganisha vitabu hivi ni ujana unaosimuliwa na aliyemo ndani yake, kwa macho ya mtu anayekutana na jambo kwa mara ya kwanza na bado hajui litaishia wapi.

Kipimo hicho kinatusaidia kuzisoma upya hata riwaya zetu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inamfuata msichana kutoka kwa baba mkali hadi shuleni na chuoni, na kwa muda ilizuiwa kusomwa katika shule za Tanzania. Mhusika wake ni kijana, lakini msimulizi anasimama nje yake na kumtazama kwa macho ya mtu mzima anayeihukumu jamii. Ni riwaya kubwa kuhusu kijana, na haiwi riwaya ya ujana kwa sababu hiyo peke yake. Siku Njema ya Ken Walibora (1996) iko karibu zaidi. Kongowea Mswahili anajisimulia mwenyewe, kutoka Tanga hadi Kenya akimtafuta baba yake, na msomaji hupotea na kujikuta pamoja naye. Mwalimu anayetaka mfano wa Kiswahili wa kuwaonyesha wanafunzi anaweza kuanzia hapo.

Istilahi hii ina faida nyingine kwa Lubumbashi. Kiswahili cha mji huu hupenda kiambishi bu- pale Kiswahili sanifu kinapotumia u-, na bi- pale kinapotumia vi-. Kitabu ni kimoja, bitabu ni vingi. Ujana hugeuka bujana bila kusitasita. Kampemba imeshazoea kuishi na majina pacha ya namna hii: komini hiyo hiyo ina mtaa wa Bel-Air na mtaa wa Hewa Bora, na jina la pili linasema kwa Kiswahili kile ambacho la kwanza linasema kwa Kifaransa. Hakuna anayeuliza lipi ni la kweli.

Sasa tuingie kwenye "romance". Wengi huitafsiri kuwa riwaya ya mapenzi, na hapo jambo muhimu hupotea. Chama cha waandishi wa riwaya hizi nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kinazitambua kwa masharti mawili: mapenzi yawe ndiyo uti wa mgongo wa kisa, na mwisho umwachie msomaji matumaini na kuridhika. Sharti la pili ndilo ahadi. Anayenunua riwaya hii anajua wapendanao watafika pamoja, na raha yake ni kuona watafikaje. "Riwaya ya mapenzi" haibebi ahadi hiyo. Mapenzi yamejaa katika riwaya za Kiswahili, na mara nyingi yanamalizika kwa kifo, usaliti au mimba iliyokataliwa, ili iwe funzo.

"Riwaya pendwa" nayo haitufai hapa, ingawa imetoka kwenye kitenzi penda. Wahakiki huitumia kwa riwaya yoyote inayopendwa na umma, zikiwamo za upelelezi kama Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla (1960) na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965).

Katanga, eneo ulipo mji wa Lubumbashi, ina neno lake, mapendo, na ni neno lenye joto. Lakini ni neno la kanisani pia. Mwimbaji wa kwaya akiona "kitabu cha mapendo" ana haki ya kutegemea mafundisho juu ya mapendo ya Mungu. Mahaba halina utata huo, kwa kuwa siku hizi hutumika zaidi kwa wawili wanaotamaniana. Si neno la kila siku Lubumbashi, na kwa istilahi hilo ni jema, maana neno lisilo na kazi nyingi linaweza kupewa kazi moja likaishika. Basi riwaya ya mahaba iwe jina la aina, na mchapishaji wa Katanga awe huru kuandika mapendo katika maelezo ya jalada la nyuma.

Afrika imeonyesha kwamba aina hii inaweza kuota mizizi ikipewa jina lake. Abidjan ilianzisha mfululizo wa Adoras mwaka 1998, riwaya fupi za mahaba kwa Kifaransa zenye wahusika na miji ya Kiafrika. Nigeria ilifuata mwaka 2014 kwa Ankara Press, na mwaka 2015 nyumba hiyo ya uchapishaji ilitoa hadithi za Siku ya Wapendanao zilizotafsiriwa katika lugha mbalimbali za bara hili. Ile ya Binyavanga Wainaina ilitolewa kwa Kiswahili.

Majina haya mawili yanaweza kuungana. Kitabu cha wapendanao wenye miaka 16 kiitwe riwaya ya ujana ya mahaba, na cha watu wazima kibaki riwaya ya mahaba. Neno moja lililoongezwa linamsaidia mzazi wa Kampemba kujua anachomnunulia binti yake.

Limebaki neno la kungojea. Kwa Kiswahili tumezoea kungojea sehemu ya hadithi kuliko kitabu kizima. Wasomaji wa magazeti ya Tanzania waliofuata hadithi za mfululizo za Eric Shigongo wanaijua hamu ya toleo lijalo. Orodha ya riwaya zinazotarajiwa inaichukua hamu hiyo na kuipeleka kwenye kitabu chenye jina, mwandishi na mwezi wa kutoka, ili mwenye duka aagize na msomaji aweke akiba. Lubumbashi inaweza kuisema kwa ulimi wake: bitabu bya bujana byenye tunangojea.

Mahali pa kuanzia papo. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ya Tanzania hupokea miswada ambayo bado haijawa vitabu. Mswada unaoshinda mwaka huu ni kitabu kinachotarajiwa mwaka ujao. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi na wauza vitabu wa Lubumbashi wako sasa ndani ya jumuiya moja. Wachapishaji watangulie kwa kuandika riwaya ya ujana na riwaya ya mahaba kwenye katalogi zao, na tuzo zifungue kundi la riwaya ya ujana. Waandishi wa Lubumbashi, ambao wengi wao huandika kwa Kifaransa, wataona kwamba rafu ya Kiswahili imepewa jina na inawasubiri.