Walimu wa Jioni

Machi 1955 Julius Nyerere aliacha kazi ya kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. TANU ilikuwa na umri wa miezi minane tu, naye alikuwa amefikishwa mahali pa kuchagua: darasa au chama. Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha siasa. Kwa anayefuatilia ualimu wa jiji hili kina uzito mwingine: hata yule aliyebaki na jina la Mwalimu hadi kifo chake hakuruhusiwa kushika kazi mbili. Waliokuja baada yake hawakuwa na anasa ya kuchagua. Dar es Salaam imesomeshwa, kwa sehemu kubwa, na watu wa kazi mbili.

Mwaka 1960 Makerere ilianzisha Tanganyika idara ya masomo ya nje ya chuo, mbegu ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya leo. Mwaka uliofuata mambo yalikwenda mbio. Julai Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa ng'ambo ya bandari, Kigamboni. Oktoba Chuo Kikuu kikaanza na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Walimu wa kudumu walikuwa wachache mno kwa kiu iliyokuwapo. Karani aliyetaka kujiendeleza alihudhuria jioni, na aliyesimama ubaoni mara nyingi alikuwa mtumishi wa serikali au mwalimu wa sekondari ambaye naye alitoka kazini mchana huohuo.

Kilele kilikuja baada ya Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita zilichaguliwa kufuta ujinga kwanza: Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro, Pare, na Dar es Salaam yenyewe. Ngumbaru, yaani madarasa ya watu wazima, ikaingia mitaani. Walimu wa shule za msingi walirudi darasani alasiri kufundisha wazazi wa wanafunzi wao. Makarani na vijana waliomaliza la saba wakajitolea kwa posho ndogo ya mwezi. Mwaka 1973 sehemu za kazi nazo ziliagizwa kuwa na madarasa ya wafanyakazi, na mwalimu huko alikuwa mwenzako wa zamu.

Mwaka huohuo ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na hapa inafaa tutulie kidogo, maana sijaona mpango mwingine uliomfikiria mwalimu wa muda kwa makini namna ile. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Hao si wataalamu wa afya. Walikuwa wakulima, makatibu wa chama, walimu. Lakini hakuna aliyetupwa mbele za watu mikono mitupu. Mafunzo yalishuka ngazi kwa ngazi: waliofundishwa taifani wakafundisha wa wilaya, wa wilaya wakafundisha viongozi wa vikundi. Kitabu kilikuwa mkononi, saa ya kipindi ilijulikana, na redio ilibeba somo lenyewe. Kazi ya kiongozi ilikuwa kuwafungua watu midomo: malaria inatoka wapi kwetu hapa, choo cha nani kimejaa, wiki hii tunachimba wapi. Mtu aliyepewa maandalizi hayo alijua yumo ndani ya jambo kubwa, wala hakujiona kibarua.

Tusiipambe enzi hiyo kupita kiasi. Takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma na kuandika wakishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975, na hilo si dogo. Lakini posho zilichelewa, na mwalimu wa kujitolea aliyesubiri miezi alianza kukosa Jumatatu, kisha Jumatano, kisha hakuonekana tena. Azimio la Musoma la 1974 likataka watoto wote waingie shule ya msingi, na vijana wa darasa la saba wakapelekwa kufundisha huku wakijifunza ualimu kazini. Walimu wa UPE, kama mpango huo ulivyoitwa, walichekwa kwa miaka mingi. Kizazi cha baadaye kikazua jina la walimu wa voda fasta kwa waliopikwa kwa wiki chache na kupelekwa sekondari za kata. Dhihaka ilimwangukia aliyetumwa, si aliyemtuma.

Miaka ya 1980 mshahara uliacha kutosha. Mwalimu akafuga kuku, mkewe akauza maandazi, na tuisheni ikashamiri kuanzia Manzese hadi Tandika. Mhadhiri naye alitafuta pa kushika.

Milango ikafunguka. Sheria ya 1992 iliunda Chuo Kikuu Huria, chenye makao Kinondoni. Sera ya elimu ya 1995 ilikaribisha watu binafsi. Mikocheni kikaota chuo kikuu cha udaktari cha Kairuki mwaka 1997. Bodi ya mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, wanafunzi wakamiminika, na mwaka huohuo chuo cha ualimu cha Chang'ombe kikageuzwa chuo kikuu kishiriki, DUCE. Ukishuka Temeke leo unakuta VETA Chang'ombe, Chuo cha Bandari pale Tandika, Taasisi ya Uhasibu barabara ya Kilwa. Ukienda Kinondoni kuna Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, na vyuo vidogo vya ghorofani visivyohesabika, duka la dawa chini na darasa juu. Pengo kati ya idadi ya wanafunzi na ya walimu wa kudumu likazibwa na mtu mmoja: pati taimu.

Maisha yake yanafahamika kwa yeyote aliyepanda daladala naye. Vipindi viwili asubuhi upande wa Mbagala, kimoja jioni Mwenge, na kati yao foleni ya Kilwa Road. Ratiba ameipata kwa ujumbe wa simu usiku wa kuamkia muhula. Mitihani anaisahihishia nyumbani kwa sababu chuoni hana meza. Mwanafunzi mwenye swali humkamata kwenye ngazi. Mwisho wa mwezi anajaza fomu ya madai: tarehe, saa, mada, sahihi ya kiongozi wa darasa, sahihi ya mkuu wa idara, kisha kwa mhasibu. Sahihi moja ikikosekana fomu inarudi, na mara nyingi jibu ni kwamba wanafunzi hawajalipa ada.

Tofauti kati yake na mwalimu wa muda wa 1973 ni hii. Yule wa zamani alilipwa kidogo na kuandaliwa vizuri; huyu ana shahada mbili na hakuna anayemwandaa. Hata Marekani, ambako takriban theluthi mbili ya wanaofundisha vyuo vya jamii ni wa muda, kilio kinafanana: mkataba wa muhula, hana ofisi, hana sauti kikaoni. Kenya nao hawajapona. Malimbikizo ya wahadhiri wa muda ni habari ya kila mwaka.

Sheria yetu ya Ajira ya 2004 inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wanataaluma, kwa hiyo hakuna kizuizi cha kuandikishana. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mwajiriwa wakigawana. Chuo kinachomlipa mtu miaka mitano mfululizo kwa fomu ya madai kinajua vizuri kinachookoa. Lakini mengi hayahitaji hata senti. Mtaala aupate wiki mbili kabla. Aitwe kwenye kikao cha idara na akaangalie maswali ya mtihani pamoja na wenzake. Apewe meza, hata ya kugawana zamu, na mwalimu mmoja wa kudumu wa kumpigia simu somo linapokwama. Mkuu wa idara anaweza kuyaanza hayo muhula ujao bila kumwandikia mtu yeyote barua.