Ukingo wa Elgeyo: Kutoka Iten hadi Korongo la Chebloch

Umesimama Iten, kilomita 35 hivi kutoka Eldoret. Bonde la Kerio liko zaidi ya mita 1,000 chini yako.

Tazama genge. Tabaka la juu, la kijivu iliyokolea, ni lava iliyotanda uwanda wa Uasin Gishu zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita; chini yake ni miamba ya kale zaidi. Ardhi ilipopasuka, bonde lilididimia na ukingo ukabaki wazi. Mvua na vijito vingali vinauchonga.

Barabara ya Kabarnet inateremka hadi Chebloch. Hapo Mto Kerio, uendao Ziwa Turkana, umekata mwamba na kuacha kuta mbili zilizokaribiana.

Beba maji. Mawe yakilowa huteleza: kaa mbali na ukingo.